Majani ya Kunde Yasiyo na Tundu

Kazi yangu ni kuuza sumu. Kibao juu ya mlango wa duka letu hapa Arua kinasema ni dawa za shamba, na fundi wa rangi alituongezea kabichi inayocheka, bila kuombwa. Lakini kila chupa ina fuvu la mtu na mifupa miwili, na ni mimi niliyekuwa nikizipanga kwenye rafu, kubwa nyuma, ndogo mbele, mafuvu yakiwatazama wateja. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema biashara.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, nikatangaza kwamba sitatia mdomoni kitu kilichopigwa dawa, mume wangu alinitazama, akatazama rafu. Tulikuwa dukani. Alikuwa ameshika katoni ya dawa ya viwavi.

"Sasa utakula nini?" akauliza.

"Chakula."

"Cha nani?"

Hapo alinipata. Mtu mwingine akiingia soko la Arua anaona mboga, mimi naona wateja. Yule mama wa nyanya pale kwenye kona, ananipenda sana, huja kununua dawa ya ukungu na dawa ya wadudu, kisha anazichanganya kwenye ndoo moja kwa sababu hana nafasi ya kwenda shambani mara mbili. Yule wa kabichi, anayetoka upande wa Logiri, aliwahi kuniuliza kama nina dawa inayofanya kabichi ing'ae. Yule wa mchicha simjui, na huyo ndiye aliyenitisha zaidi, maana lazima ananunua duka lingine. Wote nawaambia jambo moja: ukishapiga dawa, ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ndipo uchume. Wanaitikia kwa adabu kabisa. Ndiyo mama, tutangoja. Kesho yake soko likifunguliwa, wote wapo.

Ile mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Sina namna ya kulizungushia maneno. Alikuwa msichana, tukamzika, na watu wa Oli, mtaani kwetu, wakaja kukaa nasi, wakapika, wakaondoka. Mkunga aliniambia hakuna anayejua kwa nini, mambo haya hutokea, nisijitafutie kosa. Nikarudi nyumbani nikajitafutia kosa. Sikwenda mbali. Nilinusa mikono yangu.

Safari hii, basi, mume wangu alichukua duka peke yake na mimi nikakaa nyumbani. Akirudi jioni alikuwa anavua shati nje, kwenye kamba ya nguo, kabla ya kuvuka mlango. Mwanzoni majirani walidhani nimemfukuza. Baadaye wakamzoea, wakawa wanamsalimia hivyohivyo kifua wazi, na yeye anaitikia.

Simu ndiyo iliyonifundisha neno ogani. Kulikuwa na dada mmoja mwembamba, yuko kwenye jiko jeupe ambalo halijawahi kupikiwa dagaa, anashika karoti kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Alisema mama mjamzito achague vyakula vya ogani, vilivyoota bila dawa wala mbolea ya dukani, halafu akaonyesha duka anakonunua, milango yake inafunguka yenyewe. Nikazunguka soko zima. Nikamuuliza mwanamke mmoja mwenye bamia kama bamia zake ni za ogani. Akasema hapana, ni za Vurra. Nikamshukuru nikaenda.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka. "Mama," alisema, akaacha kutafuna. "Mama yangu ana shamba nyuma ya jiko."

Kwao ni Ludara, upande wa Koboko. Mama mkwe wangu anaishi pale peke yake na kuku, na nyuma ya jiko lake kuna kunde, bamia, maboga na mipapai miwili iliyoshikana. Kwa miaka yote niliyoolewa sijawahi kuona chupa ya dawa kwenye ule mji wake. Wadudu wakija, wanakula wanachokula, yeye anachuma kilichobaki. Yule dada wa kwenye simu angempigia magoti.

Mume wangu akampigia simu. Lakini mimba inayofuata msiba haitajwi kwenye simu, na kwao mtoto wa kiume na mama yake hawazungumzi habari za tumbo la mkewe hata ana kwa ana. Kwa hiyo alimwambia tu, "Mama, mke wangu kuanzia sasa atakula mboga za kwako." Basi. Hakusema kwa nini. Mama akasema, "Nimesikia." Mume wangu akakata simu akasema mama ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa, ila kwa njia yake.

Kikapu kikaanza kuja na teksi ya Koboko. Dereva anakiacha dukani, mume wangu anakileta, mimi nakifungua, nakisuuza, nakirudisha na sukari na sabuni. Wallahi, zilikuwa mboga za kupigwa picha. Majani ya kunde mapana, ya kijani kilichokolea, hayana doa, hayana tundu. Mimi, mtu niliyejenga nyumba kwa viwavi, niliyageuza majani yale huku na huku nikitafuta tundu, nikakosa, nikasema alhamdulillahi. Mwaka ule, mume wangu aliniambia, wateja wote walikuwa wanalalamikia viwavi. Nikajiambia viwavi wa Ludara wana adabu.

Nilikula. Nilikula kunde na simsim, kunde na dagaa, kunde bila kitu. Tumbo likavuka mwezi wa tano, nikalia bafuni ili mume wangu asinione, nikatoka nikakuta naye ametoka nyuma ya nyumba macho mekundu, anasema ni moshi. Hapakuwa na moto. Mtoto akaanza kupiga mateke. Nilikuwa namtaka huyu mtoto kwa namna ambayo naona haya kuieleza. Nilikuwa namwambia, we kaa tu, usiende popote, bibi yako anakulimia.

Mwezi wa saba nikasema lazima nikamshukuru yule mama kwa mdomo wangu. Nikanunua vitenge viwili, kimoja chake, kimoja nikavaa, nikapanda teksi, nikakaa mbele kwa haki ya tumbo, nikashuka Koboko, nikachukua boda mpaka Ludara nikimwambia kijana wa watu aende polepole hadi akakasirika. Sikupiga simu kabla. Nilitaka kumfurahisha.

"Eh! Wewe nakuja bila kusema?" mama mkwe alisema, akatupa ungo. Alinizunguka mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Tumbo iko mzuri. Iko chini vizuri. Kaa, kaa, hapana simama."

Sikuruhusiwa kugusa kitu. Alipika yeye. Chakula kilipofika kulikuwa na vyombo viwili. Changu ni bakuli la bati lenye maua, lina kifuniko, lile la wageni. Chake ni sufuria nyeusi palepale alipopikia. Nikafunua langu: majani mazima, mazuri kama kawaida. Nikatupia jicho kwenye sufuria. Majani yake yalikuwa yametobolewa mpaka yamebaki kama chandarua.

"Mama, hizi zako umechuma wapi?"

"Si hapo nyuma ya jiko."

"Na hizi zangu?"

Alifurahi kuulizwa. Nadhani alikuwa amengoja muda mrefu mtu amuulize. Akafuta mikono, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya ghala. Pale palikuwa na kishamba kidogo kimezungushiwa miiba na vipande vya neti ya zamani, na mlango wa kufunga kwa kamba.

"Hii iko yako peke yako," akasema. "Hata kuku hapana ingia."

Nikasimama mlangoni. Kunde zimejipanga, majani yote mazima. Hakukuwa na kipepeo, hakukuwa na nzi, hata sisimizi. Mimi najua shamba linavyokuwa kimya likiwa hivyo. Pembeni palikuwa na beseni na ufagio wa nyasi, na juu ya mti wa uzio kilining'inizwa kitambaa chake kizuri cha kichwa, kile alichovaa kwenye harusi yangu, kimefunga kitu. Akakifungua taratibu. Ilikuwa chupa. Lile fuvu likanitazama, nami nikalitazama. Tulikuwa tunajuana.

"Nani alikuletea, mama?"

"Si ni mume yako. Ilikuja ndani ya kikapu, chini ya sukari. Mimi nilimwomba, nikasema iko ya maharagwe. Nitamwambia nini kijana yangu? Nimwambie habari ya tumbo ya mke yake?"

"Unapigaje?"

Akanionyesha. Pampu hana. Anamimina kwenye beseni, anachovya ufagio, ananyunyiza huku anatembea, mkono mtupu mpaka kiwiko. Aliukung'uta ule ufagio mkavu hewani, mara mbili, kwa maringo kidogo.

"Lini?"

"Jioni. Asubuhi mapema nachuma, naweka kwa gari. Ili ifike Arua bado mzuri."

Nikakaa chini.  Nilikaa kwenye udongo na kitenge changu kipya, na hofu iliyonishika siwezi kuilinganisha na kitu. Miezi yote ile. Nilikwepa soko zima la Arua, nikamkimbia mama wa nyanya na kijana wa kabichi, ili nije kula chupa ya duka langu mwenyewe, iliyosafiri mpaka Ludara kwenye kikapu nilichokiosha kwa mikono yangu. Nikaweka mikono tumboni. Mtoto alikuwa ametulia. Nikasema moyoni, cheza, tafadhali, cheza.

"Nini? Uchungu?" mama mkwe akapiga magoti.

"Hapana, mama. Kwa nini uliweka dawa? Zamani ulikuwa huweki."

 Akaanza kung'oa majani madogo madogo karibu na mguu wangu, hanitazami.

"Ile mara ya kwanza," akasema, "mimi nilikutumia kunde. Iko na matundu. Wewe ukanipigia simu, ukasema, mama, wadudu wako wamekula kwanza, sisi tumekula masazo yao. Ukacheka."

Nilikumbuka. Ulikuwa mzaha tu, wa kusema asante.

"Bibi yangu alinifundisha. Mwanamke mwenye tumbo, hapana mpa kitu mwingine ameanza kula. Si mtu, si ndege, si mdudu. Kitu ikianza kuliwa, haimalizi mwezi yake. Mimi nilijua hiyo. Nikasema, aa, hawa iko watu ya mji, hawajali. Nikatuma tu. Halafu mtoto akaenda." Akang'oa tena. "Mimi ndiye nilimpa mtoto masazo."

"Mama, si wewe."

"Iko nani basi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku ile niliponusa mikono yangu, nimelala nalo, nimeamka nalo, nimemnyima hata mume wangu. Nilitaka kusema ni mimi. Lakini nikamwona yule mama, anang'oa majani ambayo hayana kosa, na nikafikiri kwamba sote wawili tumekuwa tukimuua yule mtoto kila mmoja peke yake, yeye Ludara, mimi Oli, na teksi inapita kila wiki kati yetu na kikapu.

"Hakuna mtu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwangu, na yalinishangaza.

Ikabidi sasa nimweleze ile chupa. Nilieleza kama ninavyoeleza wateja, kwa sauti ileile, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine: hii ni sumu, mama, haishikwi mkono mtupu, ikipigwa unangoja ndipo uchume, mjamzito ndiye wa kwanza kukaa mbali nayo. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Wateja wangu hawajawahi kunisikiliza hivyo. Kisha akatazama mikono yake, mgongo na kiganja.

"Na hii yote nilituma, wewe nakula?"

Nikamwambia ndiyo, yote.

Naye akakaa chini. Tulikaa pale wanawake wawili kwenye shamba lisilo na hata nzi. Ndipo mtoto akapiga teke, teke la nguvu, la mtu aliyeamshwa. Nikacheka huku nalia, nikaukamata mkono wa mama mkwe nikauvuta kwenye tumbo ahisi. Akaunyakua kama umeungua, akauficha chini ya kanga.

Chakula tulikula kwenye sufuria yake. Zile za bakuli la maua tulifukia. Nilimaliza chandarua chote nikaomba kingine.

Nilirudi Arua na chupa yangu mapajani, imefungwa kwenye mfuko. Mume wangu alikuwa anavua shati.

"Ulipeleka dawa Ludara," nikasema.

"Ya maharagwe ya mama."

"Maharagwe ndiyo mimi."

Nilipomweleza alikaa kwenye ngazi bila shati mpaka mbu wakamchoka. Asubuhi tulikwenda kwa mkunga, yuleyule. Akaweka tumboni lile bomba lake la kusikilizia, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza.  Akasema moyo unapiga vizuri, mtoto anakua, kuanzia leo osha mboga, kula, na usijitafutie kosa. Nikamwambia sitafuti tena, tayari tumeligawana na mama mkwe.

Kikapu kikaacha kuja. Nikangoja wiki, nikangoja nyingine, nikampigia simu.

"Mama, mboga zangu ziko wapi?"

"Nimeacha. Nunua soko."

"Mtoto hataki za soko. Anataka za kwako. Zenye matundu."

"Mtoto anataka matundu?"

"Anayalilia, mama. Mimi nifanyeje?"

Uchu wa mwanamke mjamzito haukatazwi, hata na sheria ya bibi wa Ludara. Kikapu kikarudi. Sokoni watu hupanga zile nzuri juu na kuficha mbovu chini. Mama mkwe alikuwa amepanga yale majani yaliyotobolewa kabisa juu, halafu yenye tundu moja moja chini, na moja lililokuwa zima, nililolikuta siku moja katikati, alikuwa amelitoboa mwenyewe kwa kijiti ili nisiogope.

Niliogopa bado. Niliogopa kila siku mpaka ile siku yenyewe. Sitaki kujifanya shujaa.

Ni msichana. Ana nywele nyingi na hasira. Alipotoka alipiga kelele mpaka mkunga akasema huyu atauza dukani.

Mama mkwe alikuja Arua na kikapu. Kabla hajaingia aliomba maji na sabuni, akaosha mikono mpaka viwiko. Akaomba majivu, akasugua kwa majivu. Akaomba sabuni tena. Halafu akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono chini ya kanga, akasema, "Mlete kwa dirisha, kwa mwanga, nimuone." Nikampeleka dirishani. Akamsifu pua, akamsifu paji, akacheka mtoto aliponyanyua ngumi. Mume wangu akasema, mama, mshike basi. Akasema amechoka na safari. Akasema baadaye. Akasema mtoto ataamka, na mtoto yuko macho anapiga kelele.

Mimi nilijua. Nikamtuma mume wangu akalete soda.

"Mama," nikamwambia, "tazama mikono yangu. Hii imefungua chupa ngapi? Na nimembeba tangu azaliwe."

"Wewe iko mama yake."

"Na wewe ni nani?"

 Alikuwa anatazama sakafu. Basi sikumwomba tena. Nikaenda nikamlaza mtoto juu ya mapaja yake, nikaondoa mikono yangu, nikarudi nyuma. Akabaki hana la kufanya. Mikono ikatoka chini ya kanga yenyewe, myekundu kwa kusuguliwa, ikamzuia asianguke. Mtoto akanyamaza. Akazungusha kichwa akitafuta, akakipata kidole cha bibi yake, akakipeleka mdomoni.

Mama mkwe akashtuka, akawa anataka kukivuta.

"Muache," nikasema.

Akamwacha.